Nyuma ya Kopo: Vitu Vitano vya Kulazia Nywele Kutoka Usita wa Mui

Tangu wiki ya pili baada ya Idi nimekuwa nikijaribu vitu vitano vya kulazia na kutengenezea nywele vinavyouzwa Lamu mjini. Vinne nilivinunua katika maduka ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji, na kimoja nilikipata kwenye meza ya biashara karibu na soko la mbele ya Ngome. Mimi ni msusi. Nina chumba kimoja katika mtaa wa Langoni ambamo kwa miaka kumi na moja nimewasuka wasichana wa shule, mama zao, na mabibi harusi msimu wao unapofika. Tathmini hii sikuiandika ili kueleza ni jeli ipi inayong'aa kuliko nyingine, kwa sababu hilo kila mtu huliona kwa macho yake siku ya kwanza. Nilichotaka kukijua ni kipi kati ya vitu hivi kinaweza kukaa kichwani mwa mtu kuanzia alfajiri hadi isha, chini ya mtandio, katika joto letu, bila ya kumwasha, kumbabua wala kumvimbisha macho.

Sababu ya kutaka kujua ni yangu mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita kope zangu zilianza kuvimba kila baada ya siku chache, ngozi yake ikawa ngumu, yenye magamba, na nyeusi kuliko uso mwingine. Nikaushuku wanja, nikauacha. Nikaishuku sabuni, nikahamia sabuni ya kipande isiyo na harufu, na hali ikabaki vilevile. Daktari wa ngozi niliyekwenda kumwona Mombasa hakukimbilia kuniandikia dawa. Aliniambia nirudi na mfuko wenye kila kitu ninachojipaka kuanzia shingoni kwenda juu. Nilipovimwaga mezani pake alivichukua kimoja kimoja, akasoma maandishi madogo ya nyuma, kisha akaliweka kando kopo la jeli ambalo nilikuwa nikilitumia kwa wateja na kwa nywele zangu kila siku ya Mungu.

Nilimwambia kwamba haiwezekani, kwa kuwa jeli naipaka kichwani na kichwa hakinisumbui. Akanifahamisha kwamba ngozi ya kichwa ni nene na sugu, na mara nyingi hustahimili kitu bila kuonyesha alama yoyote, ilhali ngozi ya kope ni nyembamba kuliko zote mwilini. Kwa hiyo kinachopakwa utosini huja kujitokeza kwenye kope, kwenye paji la uso, nyuma ya masikio na shingoni, yaani kila mahali kinapotiririkia au kinapofikishwa na vidole. Vidole vyangu navyo vilikuwa vikipasuka wakati huohuo, na nilikuwa nikisema ni uzee.

Jambo la pili nililigundua mwenyewe jikoni, na msomaji yeyote wa Lamu anaweza kulihakikisha kwa dakika moja. Chukua kijiko cha jeli ya kawaida, ile angavu inayotikisika, uiweke kisahanini, uinyunyizie chumvi kidogo na uikoroge. Itageuka maji mbele ya macho yako. Jeli nyingi za bei nafuu hupata uzito wake kutokana na kiambato kiitwacho kaboma, na kaboma haistahimili chumvi. Ikikutana nayo huyaachia maji yote iliyokuwa imeyashika. Sasa tazama hali yetu. Maji ya visima vyetu yana chumvi, na nywele huloweshwa kwa maji hayohayo kabla ya kupakwa jeli. Jasho ni chumvi. Mtandio nao umelizuia joto lisitoke. Kufikia adhuhuri, jeli iliyopakwa asubuhi imekwisha kuwa majimaji yanayoteremka kwenye paji la uso pamoja na kila kilichochanganywa ndani yake. Msusi wa Nairobi anaweza kuisifu jeli ileile inayomtoa machozi mwanamke wa Lamu, na wote wawili wakawa wakweli.

Kabla ya kuvieleza vitu vyenyewe, inafaa nitofautishe aina mbili za madhara, kwa kuwa wateja wangu huzichanganya. Kuna kiambato kinachokera ngozi ya mtu yeyote kikizidi kiasi, mfano wa spiriti, na ukali wake husikika papo hapo. Na kuna kiambato kinacholeta mzio, ambacho hakimsumbui kila mtu, lakini mwili wa mtu ukishakitambua kuwa adui hauusahau uadui huo, na tangu hapo kiasi kidogo sana hutosha kuleta upele, tena baada ya siku moja au mbili au tatu, wakati mtu amekwisha kusahau alichojipaka. Ndiyo maana neno ninalolisikia zaidi kitini pangu, kwamba "jeli hii nimeitumia miaka na miaka, haijanifanya kitu," halina uzito wowote. Mzio hujengeka polepole, na aghalabu hujengwa na kile ulichokizoea.

Majaribio niliyafanya hivi: kila kitu nilikipaka kwenye kiwiko cha mkono kwa ndani, kiasi cha kuenea sarafu ya shilingi kumi, mara mbili kwa siku kwa muda wa siku kumi, nikibadilisha mkono wa kushoto na wa kulia. Kilichopita bila kuniwasha nilikitumia kichwani kwa siku kadhaa za kazi. Yule ambaye uso wake umewahi kuvimba sana au pumzi ikambana asijaribu namna hii peke yake. Kipimo chenyewe ni kile cha daktari cha kubandikwa viraka mgongoni kwa siku mbili. Majina ya kigeni ya viambato nimeyaandika kwa matamshi yetu. Kwenye kopo utayakuta yameandikwa kizungu, lakini ukiyasoma kwa sauti utayatambua.

Cha kwanza ni jeli ya kijani ya kopo kubwa la gramu 500, niliyoinunua kwa shilingi 350, na ndiyo inayouzwa zaidi katika njia yote ile. Niseme haki yake kwanza: katika kushika haina mpinzani. Nywele za msichana niliyemlaza asubuhi kwa ajili ya picha za shule zilikuwa zimetulia hadi alasiri, isipokuwa penye jasho. Haifanyi unga mweupe, mradi usiipake juu ya losheni ya kulainishia nywele, kwa sababu losheni nyingi huwa na vitu visivyopatana na kaboma, na vikikutana huganda kuwa vipunje vinavyofanana na mba. Inanukia tofaa. Mbele ya kopo pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba haina parabeni, jamii ya vitu vya kuzuia jeli isioze, na muuzaji alinionyesha maandishi hayo kwa kidole kana kwamba ni cheti.

Hapo ndipo ninapoomba msomaji ageuze kopo. Orodha ya viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kichache, na vile ambavyo havifiki asilimia moja huruhusiwa kupangwa vyovyote mwishoni. Watu husoma majina matatu ya mwanzo wakaridhika, ilhali kwa mwenye mzio, jambo lake liko mkiani. Mkiani mwa jeli hii, baada ya manukato na rangi mbili, CI 19140 ya manjano na CI 42090 ya buluu ambazo ndizo zinazoifanya kijani, pana methilikloroisothiazolinoni na methilisothiazolinoni. Ndugu hawa wawili ni vihifadhi, yaani vitu vya kuzuia ukungu na bakteria, na vinatosha kwa kiasi kidogo mno. Ndugu wa pili, ambaye wataalamu humfupisha kwa herufi MI, aliruhusiwa katika Umoja wa Ulaya mwaka 2005 kutumika peke yake hadi sehemu 100 katika milioni, na ndani ya miaka michache madaktari wa ngozi wakaanza kupokea wagonjwa wengi wa mzio wake. Mwaka 2013 chama cha Marekani cha madaktari wanaoshughulikia mzio wa ngozi kikamtangaza kuwa kizio cha mwaka, yaani kitu cha kuangaliwa zaidi kwa kuleta mzio. Tangu mwaka 2017 amepigwa marufuku Ulaya katika vitu vyote vinavyopakwa na kuachwa mwilini, na katika vinavyooshwa, kama shampuu, tangu mwaka 2018 haruhusiwi kuzidi sehemu 15 katika milioni. Jeli ya nywele ni kitu cha kuachwa. Kopo hili, kwa jinsi lilivyo, halingeuzwa huko, na hapa tunaliuziwa kwa harufu ya tofaa.

Na kuhusu parabeni, kuna kichekesho ambacho sikukipenda nilipokifahamu. Parabeni zimesemwa mengi, na mabishano juu yake hayajesha, lakini kwa upande wa mzio wa ngozi ni miongoni mwa vihifadhi vyenye upole zaidi, kiasi kwamba chama kilekile cha Marekani mwaka 2019 kilizitaja kuwa kitu cha mwaka *kisicho* kizio. Wanunuzi walipoanza kuzikimbia, watengenezaji walilazimika kutafuta kitu kingine cha kuzuia jeli isioze, na MI alikuwa mmoja wa waliochukua nafasi hiyo. Kwa hiyo ninapoona maandishi ya "haina parabeni" siku hizi, huwa nauliza kuna nini mahali pake.

Siku ya nne kiwiko changu kilianza kuwasha. Siku ya sita kulikuwa na vipele vidogo vyenye maji, nikaacha, na alama ilikaa karibu wiki tatu kabla ya kufifia. Sikustaajabu, kwani kopo aliloliweka kando daktari wangu lilikuwa na majina hayohayo mawili. Binti wa dada yangu, ambaye hana mzio huo, amekuwa akiitumia jeli hii tangu darasa la saba na uso wake ni laini kama wa mtoto. Sisemi kwamba ni sumu. Nasema kwamba kwa kitu kinachokaa kichwani kutwa, katika mji ambao jeli huyeyuka na kushuka usoni, ni bahati nasibu ambayo mimi sichezi tena, wala siichezi kwa vichwa vya wateja wangu.

Cha pili ni nta ya kulazia vinyweleo vya pembeni, kikopo kidogo cha shilingi 600 chenye harufu kali ya nanasi. Wasichana wanaipenda kwa haki. Inalaza vinyweleo vikatii, na kwa kuwa uzito wake hautokani na kaboma haiyeyuki haraka kwa jasho. Tatizo lake liko mahali inapopakwa. Jeli ya kawaida huwa kwenye nywele, na ngozi huipata kwa bahati mbaya. Nta hii husuguliwa kwa mswaki juu ya ngozi yenyewe, kwenye mpaka wa paji la uso, na wengine huifunga kwa kitambaa ili ishike vizuri. Kitu kilichofunikwa hupenya ngozi zaidi kuliko kilichoachwa wazi.

Katika orodha yake niliyakuta manukato, limonini, linaluli, na kihifadhi kiitwacho DMDM haidantoini. Hiki cha mwisho kina namna yake ya kufanya kazi: humo koponi hukaa kikiachia fomalidehaidi kidogo kidogo, na hiyo fomalidehaidi ndiyo inayoua vijidudu. Wenzake wanaofanya kazi kwa njia hiyohiyo ni imidazolidinili yurea, dayazolidinili yurea na kwaterniamu-15. Aliye na mzio wa fomalidehaidi ataikuta hapa ingawa neno lenyewe halikuandikwa popote, na ndiyo sababu Umoja wa Ulaya mwaka 2022 uliamua kwamba kitu chenye kihifadhi cha aina hii lazima kieleze kuwa kinaachia fomalidehaidi ikiwa inazidi sehemu 10 katika milioni, badala ya 500 kama ilivyokuwa hapo awali. Kopo langu halikueleza lolote. Limonini na linaluli ni vijenzi vya harufu vinavyotokana na maganda ya malimau, mirehani na mimea mingi tunayoipenda; vikiwa vibichi havina ubaya mkubwa, lakini vikishapigwa na hewa kwa muda hubadilika na kuwa vizio. Kikopo ambacho kimeshuka na basi kutoka Mombasa hadi Mokowe, kikavuka kwa boti, kisha kikakaa dirishani mwa duka linalotazama jua, na ambacho hufunguliwa mara tatu kwa siku, ndicho hasa kinachotimiza masharti hayo.

Mimi nta hii haikunidhuru kiwikoni. Kichwani ilinipa mwasho mwepesi siku ya tatu, ukaisha nilipoosha. Hata hivyo nina wateja wawili wenye vipele vilivyofuata mstari wa mswaki wao kana kwamba vimechorwa, na wote wawili wamepona kwa kuiacha. Niongeze jambo moja ambalo si kosa la nta: pembe za nywele zinazokatika na kurudi nyuma mara nyingi zimevutwa na msusi, si kuliwa na jeli. Nimewahi kuwa msusi huyo, na ninalisema hili nikiwa nimejikaripia kwanza.

Nta hii inauzwa pia kwa rangi nyeusi, ya kufichia mvi za pembeni, na mteja mmoja aliyewahi kubabuliwa mikono na piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea maua mikononi, siku ya harusi ya mdogo wake aliniuliza kama weusi huo ni mmoja. Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Weusi wa nta hii ni CI 77499, rangi ya madini ya chuma, ambayo hukaa juu na kuoshwa. Piko hutengenezwa kwa unga wa kutilia nywele rangi, na ndani ya unga huo mna parafenilinidayamini, ambayo madaktari huifupisha PPD. Kanuni za Ulaya huiruhusu katika rangi za nywele peke yake, isizidi asilimia 2 inapofika kichwani, na haziiruhusu kupakwa kwenye ngozi kwa kuchorea maua. Aliyepigwa na piko mkononi huenda amekwisha kuupata mzio wenyewe, na siku atakapotia nywele rangi nyeusi kichwa na macho yake vinaweza kuumuka kwa namna itakayompeleka hospitali. Hina yenyewe, ile ya majani, haina lawama katika jambo hili. Weusi wa haraka ndio wenye lawama. Nilimwambia anaweza kuijaribu nta nyeusi kwa tahadhari, lakini asikubali rangi ya nywele kwa msusi yeyote, mimi nikiwemo.

Cha tatu, spreyi ya kukazia, sitaizungumzia sana. Ni alkoholi, gesi ya kusukumia, gundi na manukato. Inachoma mahali penye mkwaruzo, inakausha nywele, na katika chumba changu chenye dirisha moja ilitukohoza watu watatu. Alkoholi ya aina hii isichanganywe na setili alkoholi au setearili alkoholi zinazoonekana katika losheni na nta; hizo ni mafuta mazito, zina jina la ukoo mmoja tu. Kwa mabibi harusi wanaokaa ukumbini kwa muda wa saa tano chini ya taa, spreyi ina kazi yake. Kwa matumizi ya kila siku siioni faida.

Cha nne ndicho nilichokitarajia sana, na ndicho kilichonivunja moyo. Ni jeli ya asili, ya shubiri na ute wa bamia, iliyotiwa katika chupa iliyowahi kuwa ya jamu na kuuzwa mezani kwa shilingi 200. Mama anayeiuza ni mtu mwungwana sana. Nilipomwuliza imetiwa nini alinijibu, "Mwanangu, hakuna dawa humo, ni vitu vya Mungu," na sina shaka alisema alichokiamini. Lakini chupa haina karatasi hata moja. Haielezi ilitengenezwa lini, haielezi kilichomo, na harufu yake ya mlangilangi ilikuwa nzito kiasi cha kunifanya niamini kwamba mafuta ya ua hilo yametiwa kwa wingi. Mlangilangi na asumini ni fahari yetu, tumevitia katika vikuba na vitandani tangu zama za mabibi zetu, lakini mafuta yake yaliyokamuliwa yamo katika vizio vya manukato vinavyofahamika na madaktari. Ua lililotiwa katika kikuba hutoa harufu hewani. Mafuta yake yakisuguliwa kwenye ngozi kila siku ni habari nyingine. Shubiri nayo ina utomvu wa manjano ulio chini ya ganda, na usiposafishwa vizuri unawasha.

Tatizo kubwa zaidi ni maji. Kitu chochote chenye maji na chakula cha vijidudu kisipokuwa na kihifadhi huharibika, na katika joto la Lamu hakihitaji wiki. Siku ya tano jeli hii ilikuwa imebadilika harufu chini ya ule mlangilangi, na siku ya saba ilikuwa na utando juu. Niliimwaga bila kuimaliza, kwa hiyo hukumu yangu juu yake haijakamilika. Atakayependa jeli ya bamia aichemshe mwenyewe, kidogo, aiweke kwenye friji na kuimwaga baada ya siku mbili tatu. Kusema kwamba kitu hakina kihifadhi ni sifa kwa kitu kitakachotumika leo. Kwa kitu kilichokaa mezani tangu Ijumaa iliyopita sioni sifa gani hapo.

Cha tano ni jeli nyeupe isiyo na harufu, katika chupa ya kubonyeza ya mililita 250, shilingi 950. Nilikuta chupa nne tu katika mji mzima, zote katika duka moja, rafu ya chini kabisa, nyuma ya vitambaa vya kuogea. Orodha yake ni fupi: maji, glisirini, gundi ya kushika nywele, haidroksiethiliselulosi, fenoksiethanoli na ethiliheksiliglisirini. Hakuna neno la manukato popote, na hilo lihakikishwe kwa kusoma, kwa sababu kitu kinaweza kuitwa kisicho na harufu mbele ya chupa huku nyuma kimetiwa manukato ya kufunika harufu yake. Fenoksiethanoli ni kihifadhi kinachoruhusiwa Ulaya hadi asilimia moja, na ni mara chache kuleta mzio. Lakini kilichonifurahisha zaidi ni hiyo haidroksiethiliselulosi, ambayo hutokana na nyuzi za mimea na ndiyo inayoipa jeli hii uzito badala ya kaboma. Niliinyunyizia chumvi kisahanini kama zile nyingine. Ilibaki vilevile. Nikaongeza chumvi, nikaikoroga kwa nguvu, ikabaki vilevile.

Kiwiko changu kilikaa siku kumi bila alama. Kichwani nimeitumia siku kumi na nane, pamoja na siku mbili za jua kali nilipokuwa Shela kwa shughuli ya arusi, na haikushuka usoni hata mara moja. Ila isitarajiwe kufanya maajabu. Inashika kwa nusu ya nguvu ya ile ya kijani. Nywele ngumu zinahitaji mikono miwili ya jeli na kufungwa kitambaa kwa robo saa. Katika siku za unyevunyevu wa kusi, glisirini yake huvuta maji ya hewani, na nywele zilizolala huanza kuinuka kabla ya magharibi. Pampu yake huacha karibu vidole viwili vya jeli chini ya chupa ambavyo huna namna ya kuvitoa isipokuwa kwa kuikata. Na bei yake, kwa mtu anayesuka vichwa sita kwa siku, inauma.

Kuhusu maduka yenyewe nina lalamiko moja. Katika duka la kwanza, karatasi ya bei ilikuwa imebandikwa juu ya orodha ya viambato, si katika kopo moja bali katika safu nzima, na nilipoanza kuibandua kwa ukucha kijana wa dukani aliniuliza kama nataka kununua au kuharibu. Sijui ni uzembe au ni desturi, lakini ile ni sehemu pekee ya kopo ambayo mwenye mzio anaihitaji. Duka la pili, lile lenye jeli nyeupe, linaendeshwa na mzee ambaye wote tunamwita Ami. Alinipa kiti, akanivulia miwani yake niisomee, na alipoona ninaandika akaniuliza, "Hayo majina unayoyatafuta, ni mabaya kwa watu wote au kwako wewe?" Nilimjibu kwamba baadhi ni kwangu mimi na kwa watu wa namna yangu. Akafikiri, akasema basi atayaweka makopo yakitazama mgongo ili kila mtu amtafute adui yake. Sikutegemea kwamba angefanya hivyo. Nilipopita wiki iliyofuata rafu moja ilikuwa imegeuzwa.

Watu pia huniuliza kama alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, haitoshi. Inafaa kuitafuta, na kitu cha nje kisicho na stika yake mimi sikinunui, kwa kuwa angalau kuna mtu aliyeulizwa kuhusu kitu hicho kabla hakijafika rafuni. Lakini alama hiyo haimjui mwili wako, na kopo langu la kijani lilikuwa nayo.

Chumbani kwangu sasa ile nyeupe ndiyo inayokaa mezani, nta ya nanasi ipo kabatini kwa mteja anayeitaka mwenyewe baada ya kusomewa kilichomo, na ya kijani nimempa binti wa dada yangu. Ninavaa glavu za nitraili ninapopaka kitu chochote chenye orodha ndefu, na vidole vyangu vimeacha kupasuka, kwa hiyo ule uzee umeahirishwa. Alhamisi nilipopita kwa Ami zilikuwa zimebaki chupa mbili. Nilichukua moja, na ameniahidi ataagiza nyingine Mombasa iwapo ile ya pili itanunuliwa na mtu asiyekuwa mimi.